Butterick: Fundi cherehani aliyetajirika kwa kuuza karatasi

UKIMPELEKEA fundi wa Ujiji kitenge chako leo, atavuta futi kamba, atakupima kifua, kiuno na nyonga, ataandika namba zako kwenye daftari, kisha atatandika kitambaa mezani na kuanza kukata. Wengi hukata kwa kichwa. Wachache wana pateni, yaani vipande vya karatasi ya mfuko wa saruji au gazeti vilivyokatwa kwa umbo la kifua, mgongo, mkono na sketi, vikatobolewa na kutundikwa kwenye msumari ukutani. Fundi akizeeka au akihamia Dar es Salaam, karatasi hizo huishia kuwashia mkaa, na ujuzi wa miaka mingi huondoka nazo.

Yupo fundi mmoja wa zamani ambaye karatasi za namna hiyo zilimpa utajiri. Aliitwa Ebenezer Butterick, na alikuwa mshonaji wa kijijini katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Jina lake liliendelea kuchapwa kwenye pakiti za pateni kwa zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake. Wapo watu wengi Ulaya na Marekani ambao siku hizi wanapenda kushona magauni ya kike ya mitindo ya wakati wa vita, ama ile ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ya mwaka 1861 hadi 1865, ama Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hununua pateni za zamani zilizonakiliwa upya, na namna pateni hizo zinavyouzwa, kwa saizi, ndani ya pakiti, pamoja na maelezo, inatokana na kazi ya Butterick na mkewe.

Ndugu msomaji, usidhani hii ni habari ya mbali. Jimbo alilozaliwa Butterick ndilo lililokuwa likipeleka kitambaa Ujiji katika miaka ileile, na tutafika huko.

Mtoto wa seremala

Butterick alizaliwa Mei 29, 1826 katika kijiji cha Sterling. Baba yake, Francis, alikuwa seremala, na nyumba ilikuwa na watoto saba. Kijana huyo hakupata nafasi ya kusoma sana. Alifanya kazi dukani kwa kaka yake, kisha akapelekwa mji wa Worcester kujifunza ushonaji wa nguo za kiume. Alipohitimu alifungua kibanda chake cha ushonaji, na kwa miaka kadhaa aliishi maisha ambayo fundi yeyote wa Mwanga au Kasulu atayatambua: wateja wachache wakati wa kawaida, msongamano kabla ya sikukuu, na madeni ya watu waliochukua suruali wakaahidi kulipa mwisho wa mwezi.

Mwaka 1850 alimwoa Ellen Augusta Pollard. Huyu mama nimtaje mapema, maana bila yeye makala haya yasingekuwepo.

Tatizo la Butterick lilikuwa la kiuchumi kabla ya kuwa la ushonaji. Fundi huuza saa zake. Tuchukue mfano wa kubuni: fundi anamaliza magauni mawili kwa siku na kila gauni linampa faida ya Sh5,000. Akifanya kazi siku 26 atapata Sh260,000 kwa mwezi. Akitaka zaidi lazima akeshe, apandishe bei, au aajiri wasaidizi ambao nao wanataka kulipwa. Mkono wake ndio ukomo wa biashara yake. Mkulima anaujua ukomo huo; anayelima kwa jembe la mkono eka mbili hawezi kulima eka 10 kwa kuongeza bidii tu.

Meza ya Ellen

Masimulizi yaliyopokelewa kutoka kwa familia na kampuni yenyewe ni kwamba majira ya baridi ya mwaka 1863, theluji ikiwa imefunika nje, Ellen alikuwa akimshonea mtoto wao mdogo wa kiume, Howard. Alitandaza kitambaa cha drafti juu ya meza ya chakula na kuanza kuchora mistari kwa chaki. Pateni aliyokuwa nayo ilikuwa ya saizi moja, na haikuwa saizi ya mtoto. Ikambidi apige hesabu upya kila mahali, aongeze hapa na apunguze pale. Alimwambia mumewe kwamba kazi ingekuwa rahisi mno kama pateni zingekuwepo za saizi kadhaa, mtu achague ile inayolingana na mwanawe.

Pateni za karatasi zenyewe hazikuwa ngeni. Magazeti ya akina mama yalikuwa yakizichapa, na jijini New York mama mmoja aliyejulikana sana, Ellen Demorest, alikuwa akiuza pateni tangu mwaka 1860. Lakini zile za magazeti zilikuja kwa saizi moja. Mama wa nyumbani aliyekuwa mnene au mwembamba kuliko mchoro alibaki na kazi ileile ya fundi.

Wasioshona wanaweza kudhani kuongeza saizi ni jambo la kukuza tu karatasi pande zote. Sivyo. Mtu akizidi inchi 2 kifuani, ongezeko hilo hugawanywa katika robo nne za mwili, nusu inchi kila robo. Bega haliongezeki kiasi hicho. Shingo huongezeka kidogo zaidi ya unywele. Tundu la mkono likipanuliwa ovyo, nguo hubana kwapani au huning'inia kama gunia. Kila sehemu ya mwili ina kiwango chake cha kuongezeka, na kazi ya Butterick ilikuwa kukaa na vipimo hivyo hadi apate mfululizo wa saizi ambao mtu yeyote angeununua, akate na nguo imkae. Ni kazi ya uvumilivu, inafanana na ya mtafiti wa mbegu anayepanda na kurudia kupanda hadi apate inayotoa mavuno yaleyale kila msimu. Baada ya hapo faida inakuja kwenye pakiti, haimsubiri mtafiti alime mwenyewe.

Bei ya pamba na merikani ya Ujiji

Wazo hilo lilizaliwa katikati ya vita, na kwa maoni yangu wakati huo ulilisaidia kuliko inavyosemwa. Majimbo ya kusini mwa Marekani, yaliyokuwa yakilima pamba kwa nguvu za watumwa, yalikuwa vitani na majimbo ya kaskazini yenye viwanda. Bandari za kusini zilifungwa na meli za kivita. Pamba iliyokuwa ikiuzwa New York kwa takriban senti 10 au 11 kwa ratili kabla ya vita ilipanda hadi kuvuka dola moja mwaka 1864. Viwanda vya Massachusetts vilipunguza kazi au kusimama kwa kukosa malighafi.

Bei ya kitambaa ikiwa chini, kosa la mkasi ni hasara ndogo. Bei ikipanda mara nyingi kiasi hicho, mama mwenye yadi chache hawezi kubahatisha. Yuko tayari kulipa kidogo kwa karatasi inayomhakikishia kwamba mkasi hautakwenda upogo. Thamani ya pateni hupanda pamoja na bei ya kitambaa.

Vita hiyohiyo ilifika hadi kwetu. Kwa miongo kadhaa kabla yake, meli za bandari ya Salem, Massachusetts, zilikuwa zikileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho watu wa pwani walikiita merikani, na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kutoka Zanzibar merikani ilivushwa hadi bara, ikafungwa mizigo ya wapagazi, na baada ya safari ya miezi mitatu au zaidi kupitia Tabora ikafika Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta vitambaa na shanga vikitumika kama fedha. Akina mama wa mjini walijifunga merikani na kaniki. Walio mbali na njia ya misafara waliendelea na ngozi na nguo za magome ya miti.

Kitambaa kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilikuwa doti, neno ambalo hadi leo muuza kanga hulitumia kwa jozi. Bila shaka muuzaji alipenda kupimiwa na mtu mfupi na mnunuzi alipenda mtu mrefu. Kipimo kilitegemea mwili wa anayepima, kama ilivyokuwa kwa mafundi wa Massachusetts kabla ya Butterick.

Vita ilipokausha pamba Marekani, merikani halisi ilipungua Zanzibar, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikaingia kujaza pengo. Wamarekani hawakurudia tena nafasi yao ya zamani katika biashara hiyo. Kwa hiyo mwaka 1863, wakati Ellen Butterick akipiga hesabu juu ya kitambaa cha mtoto, mfanyabiashara wa Ujiji alikuwa akiangalia majora yanayofika na kuona alama za viwanda zinabadilika. Wote wawili walikuwa wakibanwa na bei ya zao moja.

Karatasi inayokunjika

Pateni za kwanza za Butterick zilikatwa kwenye karatasi ngumu kama boksi. Zilidumu, lakini hazikukunjika vizuri na zilikuwa nzito kusafirisha. Alijaribu aina nyingine kadhaa hadi akaishia kwenye karatasi laini na nyembamba, ile inayofungiwa vitu vinavyovunjika. Ilikuwa rahisi kwa bei, iliweza kukatwa nyingi kwa pamoja zikiwa zimepangwa tabaka, na ilikunjwa ikaingia kwenye bahasha.

Kuna jambo la nje lililomwangukia vyema. Kuanzia Julai 1, 1863 posta ya Marekani iliweka nauli moja ya barua kwa nchi nzima bila kujali umbali. Mtu anayeuza kitu chepesi, kikavu na kisichooza aliweza kuanza kufikiria wateja wa mbali. Fikiria tofauti yake na sisi tunaouza dagaa au mawese, ambapo kila kilomita ya barabara inakula sehemu ya bei.

Pateni zilianza kuuzwa katikati ya mwaka huo. Familia nzima ilikaa nyumbani kukata na kukunja. Zilikuwa za mashati ya wanaume na nguo za watoto wa kiume, kwa sababu hizo ndizo Butterick alizozijua. Haikuchukua muda nyumba ikawa ndogo, wakahamia mji wa Fitchburg kupata nafasi zaidi.

Pateni iliyowafungulia mlango ilikuwa ya suti ya mtoto iliyoigwa kutoka sare ya Giuseppe Garibaldi, kiongozi wa wapiganaji wa Italia. Jina lake lilikuwa midomoni mwa watu wakati ule, na kila mama alitaka mwanawe aonekane kama askari wa Garibaldi. Akina mama wenyewe walivaa blauzi iliyotokana na shati jekundu la jeshi hilo. Blauzi ile ilipendwa kwa sababu ya mfuko pia: zamani gauni lilikuwa kitu kimoja, sehemu ya juu ikichakaa kwapani gauni zima limekwisha. Kwa blauzi ya peke yake, sketi ya zamani iliendelea kuvaliwa. Wanaoshona leo nguo za kike za wakati wa vita ile hupenda sana blauzi hiyo.

Hapo pia cherehani ilikuwa imeanza kuingia majumbani. Isaac Singer, ambaye jina lake kila fundi wa Kigoma analijua, alikuwa amepata hataza ya mashine yake mwaka 1851, na kampuni yake ilianza kuuza kwa malipo ya awamu mwaka 1856. Mama aliyekopeshwa cherehani alikuwa na mashine lakini hakuwa na ufundi wa kukata. Karatasi ya Butterick ilimkuta hapo, kama pembejeo inavyomfuata mkulima aliyekwisha kopeshwa trekta.

New York

Mwaka 1864 Butterick alifungua ofisi New York, katika mtaa wa Broadway. Mwaka 1866 aliingia kwenye nguo za kike, na biashara ikabadilika sura. Nguo za wanaume hazibadiliki sana. Pateni ya shati unaweza kuitumia miaka 10. Za kike hubadilika kila msimu, na kila badiliko ni pateni mpya ya kuuza.

Mwaka 1867 aliunda ubia ulioitwa E. Butterick & Co. pamoja na Jones Warren Wilder na Abner W. Pollard. Wilder ndiye aliyekuwa na kipaji cha soko. Butterick alibaki na anachokijua, yaani utengenezaji. Katika mikoa yetu nimeona vikundi vingi vya wajasiriamali vinavyovunjika kwa sababu kila mtu anataka kushika fedha, kuuza na kuzalisha kwa wakati mmoja, na ubia huu ulidumu kwa kugawana kazi hizo.

Kampuni ilianza kutoa majarida ya mitindo, moja kila robo mwaka na jingine kila mwezi, na katika miaka ya 1870 ikawa na gazeti lililoitwa The Delineator, ambalo liliendelea hadi mwaka 1937. Gazeti lilionyesha gauni, msomaji akalipenda, na pateni yake ikaagizwa kwa namba. Tangazo lilikuwa bidhaa yenyewe, tena msomaji alilinunua kwa fedha zake. Mpaka leo sijaona mbinu ya kuuza iliyo nadhifu zaidi ya hiyo.

Inakadiriwa kuwa mwaka 1871 peke yake ziliuzwa pateni milioni 6. Kufikia mwaka 1876 kampuni ilikuwa na matawi 100 na mawakala 1,000 Marekani na Canada, na ilikuwa imevuka bahari hadi London, Paris, Berlin na Vienna. Wapinzani nao walijitokeza. James McCall, fundi kutoka Scotland, alianza kuuza pateni zake New York mwaka 1870. Demorest alikuwa bado yupo sokoni akiwa na jina kubwa na maduka ya kifahari, lakini Butterick alimlenga mama wa kawaida anayehesabu senti, na mama huyo yuko mmoja katika kila nyumba.

Mwaka 1881 biashara iliundwa upya ikawa Butterick Publishing Company. Ebenezer alichukua nafasi ya katibu na kuishika hadi mwaka 1894. Alifariki dunia Machi 31, 1903 katika eneo la Brooklyn, New York, akiwa na umri wa miaka 76.

Ellen hakuwa miongoni mwa washirika watatu wa mwaka 1867. Kampuni ilibeba herufi ya kwanza ya jina la mume, ingawa wazo la saizi lilitoka kwenye meza yake na mikono yake ilikunja pateni za mwanzo. Kwa msomaji anayefanya biashara na mkewe, na dukani jina liko moja tu kwenye leseni, hili ni la kukaa nalo faragha.

Magauni ya kuponi

Vita iliyofanya pateni zitafutwe tena kwa nguvu ilikuja baada ya kifo chake. Juni 1, 1941 serikali ya Uingereza iliweka mgawo wa nguo. Kila mtu alipewa kuponi 66 kwa mwaka, na gauni moja la sufu lilikula kuponi 11, la kitambaa kingine kuponi 7. Mwaka uliofuata sheria zikaingia ndani ya nguo yenyewe: idadi ya vifungo, mikunjo na mifuko ikawekewa kikomo. Marekani nayo mwaka 1942 iliwekea mipaka urefu wa sketi na upana wa pindo. Mgawo wa Uingereza ulidumu hadi mwaka 1949.

Wachoraji wa pateni walilazimika kufikiri. Sketi ikawa nyembamba na kuishia magotini. Mabega yakainuliwa kwa vifuto ili gauni lionekane la heshima bila kitambaa kingi. Zikatolewa pateni za gauni la vitambaa viwili, kifua rangi moja na mikono rangi nyingine, ili mama atumie gauni mawili yaliyochakaa kupata moja. Ni nguo zilizokatwa na watu waliohesabu kila inchi, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya washonaji wa leo kuzitafuta.

Huku kwetu Tanganyika hapakuwa na kuponi za namna hiyo kwa akina mama wa kijijini, lakini kitambaa kiliadimika. Japani ilikuwa muuzaji mkubwa wa vitambaa vya pamba Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, na ilipoingia vitani mwaka 1941 chanzo hicho kilikatika. Serikali ya kikoloni iliweka udhibiti wa bei. Wazee wa mwambao walikuwa wamekwisha kuona hali hiyo mara moja, katika vita ya 1914, pale Wajerumani walipofungiwa bahari na watu wakarudia kusokota na kufuma pamba kwa mkono. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka huohuo wa 1914, lakini reli haina faida kwa mvaaji kama bandarini hakuna jora la kupakia.

Karatasi za miaka ile zilizobaki ni chache na zinachanika. Nyingi hazikuchapwa maandishi. Zilitobolewa matundu, na mshonaji alitakiwa kujua tundu dogo lina maana gani na kubwa lina maana gani. Ndiyo maana wapo wanaozinakili upya kwenye karatasi imara, wakaandika maelezo na kuongeza saizi. Kampuni ya Butterick yenyewe ilitoa upya baadhi ya mitindo yake ya zamani kwa jina la Retro. Mwaka 2001 kampuni hiyo ilinunuliwa na McCall, mpinzani wake wa tangu 1870.

Kwa fundi wa Kigoma

Fundi anayepata pateni ya namna hii, iwe ameletewa na ndugu aliye nje au ameichapa kutoka kwenye intaneti, aangalie mambo machache kabla ya kushika mkasi.

Namba ya saizi isimdanganye. Pateni ya miaka ya 1940 iliyoandikwa 16 ilikuwa ya kifua cha inchi 34, ambazo ni sentimita 86. Katika pateni za baadaye kifua hichohicho kinaandikwa 12. Asome inchi, asisome namba, na ampime mteja upya. Akina mama wetu wengi wana nyonga pana kuliko mchoro wa Mzungu wa wakati ule, kwa hiyo sketi itahitaji kupanuliwa nyongani huku kiuno kikibaki, na hapo ndipo hesabu ya robo nne inapotumika.

Upana wa kitambaa nao umebadilika. Pateni hizo zilipangwa kwa vitambaa vya inchi 35 au 39. Kitenge kwa kawaida kina upana wa inchi 44 hadi 46. Mpangilio wa kukatia uliochorwa kwenye maelezo hautafaa kama ulivyo. Vipande vikipangwa upya juu ya kitenge, urefu unaohitajika unaweza kupungua, na mabaki yakatosha kola au mkoba. Lakini kitenge kina maua yenye kichwa na miguu. Kipande kikigeuzwa ili kubana nafasi, samaki au ndege wa kwenye kitenge atalala chali begani kwa mteja, na mteja hatalipa.

Gauni la vitambaa viwili ndilo ningeanza nalo. Mabaki ya kitenge ambayo huwa yanajaa kwenye gunia chini ya meza yanatosha kifua na pindo la mikono, na sketi ikatoka kwenye kitambaa cha rangi moja cha bei nafuu. Mitumba haina gauni la kitenge lililokatwa kwa kipimo cha mvaaji, na hapo fundi ana nafasi ambayo marobota hayawezi kumnyang'anya.

Pateni ya asili isikatwe. Itandazwe, inakiliwe kwenye karatasi ya kaki, saizi moja kila karatasi, na kila kipande kiandikwe jina lake, saizi yake, mshale wa uelekeo wa nyuzi na tarehe. Nakala za saizi tano za gauni moja zinaingia kwenye bahasha moja ya kawaida. Fundi wa Kalinzi au Kibondo asiye na muda wa kuchora anaweza kuuziwa bahasha hiyo, na ile ya asili ikabaki kabatini Ujiji.